Walishinda kwa asilimia 98, leo wako makumbusho



Maneno haya niliyasema kwa mdomo mbele ya vijana wa tawi letu, Jumapili moja alasiri, chini ya mwembe. Ukumbi tulikuwa tumeulipia, lakini tulipofika tukaambiwa ufunguo umepotea. Mhariri ameniomba niyaandike ili nawe ambaye hukuwapo uyapate. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Pale wao waliposikia "ndugu zangu", wewe sikia "msomaji".

Nianze na swali. Je, umewahi kukata tiketi ili uingie kuitazama nchi? Sisemi mbuga ya wanyama, wala magofu ya Kilwa. Nasema nchi nzima iliyokuwa na bendera, wimbo wa taifa, jeshi, fedha yake na mawaziri wenye misafara. Leo imewekwa ndani ya jengo. Unaingia, unaitazama, na baada ya saa mbili umeimaliza, unatoka kutafuta chai.

Mimi nimeingia. Nchi hiyo ni Ujerumani Mashariki. Wenyewe waliiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, kwa kifupi DDR. Ilizaliwa tarehe 7 Oktoba 1949, ikafa tarehe 3 Oktoba 1990. Zilibaki siku nne tu itimize miaka 41.

Mwaka juzi nilibahatika kukaa Berlin siku kumi pamoja na waandishi wenzangu chipukizi. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na ndege nilikuwa nikiiona ikipita juu tu. Wenzangu walikwenda kupiga picha na mabaki ya ukuta. Mimi nikasema nataka kuijua ile nchi iliyokuwa nyuma ya ukuta.

GARI LA PAMBA

Makumbusho ya DDR yako kando ya mto Spree, ng'ambo ya kanisa kuu la Berlin. Si ya serikali, ni ya watu binafsi, na yalifunguliwa mwaka 2006. Humo huambiwi "usiguse". Unaruhusiwa kufungua droo, kuvuta makabati na kukaa kwenye makochi.

Kuna gari dogo liitwalo Trabant. Nililiingia nikashika usukani. Bodi ya gari lile si bati. Chuma kilikuwa adimu, hivyo walichanganya masalio ya pamba na gundi ya viwandani, wakagandamiza mpaka ikawa ngumu. Usicheke, maana gari hilo lilisubiriwa kwa miaka zaidi ya 10. Mtu aliandikisha jina akiwa kijana, akalipokea akiwa na mvi za kwanza.

Kuna pia nyumba ya ghorofa iliyotengenezwa upya ndani ya jengo: sebule, jiko, chumba cha watoto. Nilipoingia sebuleni nikajiona kama nimewahi kufika. Ndipo nikakumbuka: nimeingia nyumba za namna hii Unguja! Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa za Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na wataalamu wake wakaja kusaidia kujenga majumba ya Kikwajuni. Hata mpango wa mji uliozaa majumba marefu ya Michenzani una mkono wao. Nchi iliyojenga imekufa, lakini watu bado wanaanika nguo kwenye baraza zake.

Na ugomvi wa Wajerumani hao wawili ulitufikia. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilisitisha msaada wake wa kijeshi kwa Tanzania, kwa kuwa tuliwaruhusu wa Mashariki kubaki na ofisi nchini. Mwalimu Nyerere hakukubali kuchaguliwa marafiki. Akawaambia waondoe na misaada mingine. Kwa hiyo msomaji usidhani nakuletea habari za watu wa mbali. Nchi hii ilikuwa jamaa yetu.

Sikwenda kumcheka maiti. Pale jikoni nilimwona mama mtu mzima, mwenyeji, akimwonyesha mjukuu wake kikombe cha plastiki, huku anatabasamu kama aliyeona picha ya ndugu yake. Nchi ile ilikuwa na mambo yake mazuri. Kodi ya nyumba ilikuwa ndogo. Kazi zilikuwapo. Mama aliyejifungua alijua mtoto atapokelewa chekechea, naye arudi kazini. Mtu mwaminifu hawezi kuyaficha hayo, hata kama anaandika katika gazeti la upinzani.

Swali nililotoka nalo pale ni hili: kama kulikuwa na nyumba, kazi na shule, nchi ilikufa kwa ugonjwa gani?

NYUMBA YA MASHUSHUSHU

Kesho yake nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mtaa wa Lichtenberg. Huko ndiko yalikokuwa makao makuu ya mashushushu wa DDR, waliojulikana kwa jina la Stasi. Nyumba Namba Moja, alimokuwa akikaa waziri wao, nayo ni makumbusho siku hizi.

Waziri huyo ni Erich Mielke, aliyeshika wizara ile tangu 1957 hadi 1989. Miaka 32! Ofisi yake imeachwa kama ilivyokuwa: meza, simu, viti. Nilitegemea kuona kasri. Nikaona ofisi ya kawaida, kama ya mkuu wa shule mwenye nidhamu.

Vilivyonishangaza ni vyombo vya kazi. Kuna ndoo ya kumwagilia maua yenye kamera ndani yake. Kuna kamera ya kufichwa nyuma ya kifungo cha koti. Kuna mashine ya kufungulia barua kwa mvuke ili mwenye barua asijue. Na kuna chupa za kioo zenye vitambaa ndani. Ni za nini? Ni za harufu, msomaji. Walichukua harufu ya mtu wakaihifadhi, ili siku karatasi ya uchochezi ikiokotwa, mbwa anuse aseme ni ya nani.

Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000. Watoa habari wa siri, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, walikuwa 189,000. Nchi nzima ilikuwa na watu milioni 16 tu. Mafaili waliyoyaacha, ukiyapanga kwenye rafu, yanafika urefu wa kilometa 111. Hiyo ni kama kutoka Dar es Salaam kupita Chalinze!

Hapo ndipo nilipokaa kwenye benchi nikawaza. Serikali ile ilimsikiliza kila mtu. Ilisikiliza simu, ikasoma barua, ikanusa mpaka jasho. Kwa nini basi haikujua kuwa inakufa?

Jibu ni kwamba habari zilikusanywa ili watu wabanwe. Waliotumwa walileta ripoti kuwa wananchi wamechoka, lakini wakubwa hawakutaka kuzisikia. Kusikiliza ukutani ni jambo moja, na kumsikia mwananchi ni jambo lingine. Njia ya kweli ya kumsikia mwananchi ni ya siku zote: mpe karatasi, mpe penseli, mwache peke yake, kisha hesabu alichoandika. Njia hiyo ndiyo waliyoiua wenyewe.

KUKUNJA KARATASI

Sasa msomaji sogea karibu, maana hapa ndipo penye kiini.

Watu wengi hudhani Ujerumani Mashariki ilikuwa na chama kimoja. Sivyo! Ilikuwa na vyama vitano. Kilikuwapo chama tawala, SED, na vingine vinne vyenye majina, ofisi, viongozi na magazeti. Lakini vyote vilifungwa kamba moja iliyoitwa Umoja wa Kitaifa, vikaingia katika uchaguzi kwa orodha moja ya wagombea. Mgawanyo wa viti ulijulikana kabla ya mtu wa kwanza kupiga kura. Vyama vingi vya kiini macho!

Na upigaji kura ulikuwaje? Mwananchi alifika kituoni, akapewa karatasi yenye majina. Aliyekubali hakuwa na haja ya kuandika kitu. Aliikunja, akaitumbukiza katika sanduku. Wananchi wakauita uchaguzi huo "kukunja karatasi". Aliyetaka kukataa ilimbidi akate majina yote. Kulikuwa na kibanda cha siri, ndiyo, lakini mwenye kukiendea alionwa na kila mtu. Kuingia kibandani kulikuwa ni kujitangaza.

Matokeo? Mwaka baada ya mwaka, asilimia 99 na ushee. Kama tarakimu hizo zinakukumbusha kitu, si mimi niliyesema.

Basi ikafika tarehe 7 Mei 1989, uchaguzi wa serikali za mitaa. Vijana wa vikundi vya amani, wengi wao wakikutana makanisani kwa kuwa pengine hapakuwa na nafasi, wakaisoma sheria ya uchaguzi. Wakakuta humo jambo ambalo wakubwa walilisahau. Sheria ilisema kura zitahesabiwa hadharani!

Hawakuchoma tairi. Hawakurusha jiwe. Waligawana vituo, wawili hapa, watatu pale, wakaingia na penseli na karatasi, wakasimama ukutani wakati kura zinahesabiwa. Baadhi walifukuzwa. Waliobaki waliandika: kituo fulani, waliokataa ni kadhaa. Kisha usiku wakakutana, wakajumlisha.

Jioni hiyo mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Egon Krenz, akatokea kwenye televisheni. Akatangaza kuwa waliounga mkono ni asilimia 98.85.

Katika wilaya ya Weißensee, jijini Berlin, vijana walikuwa wamefika karibu vituo vyote. Idadi ya waliokataa waliyoihesabu kwa macho yao ilikuwa kubwa kuliko ile iliyotangazwa rasmi kwa wilaya nzima. Hapo hakuna ubishi wa siasa. Ni hesabu ya kujumlisha ya darasa la pili!

Wakaandika malalamiko. Wakatupwa huku na huku. Wakaamua kila tarehe 7 ya mwezi wakutane kwenye uwanja wa Alexanderplatz kukumbushia kura zao. Wakakamatwa. Mwezi uliofuata wakarudi. Wakati huohuo maelfu ya wananchi walikuwa wakiikimbia nchi kupitia Hungaria.

Tarehe 7 Oktoba 1989 wakubwa wakasherehekea miaka 40 ya nchi yao kwa gwaride. Siku mbili baadaye, mjini Leipzig, watu wapatao 70,000 wakaandamana wakisema hakuna vurugu. Tarehe 18 Oktoba kiongozi mkuu, Erich Honecker, akang'olewa. Nafasi yake akapewa nani? Egon Krenz huyohuyo, mwenye 98.85! Hakumaliza miezi miwili. Tarehe 9 Novemba ukuta ukafunguka, ule ambao katika miaka yake 28 watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao, mjini Berlin peke yake.

Siku nne baadaye, Mielke akasimama bungeni. Mtu aliyehifadhi harufu za raia katika chupa akawaambia wabunge kwamba anawapenda watu wote. Bunge zima likacheka. Ukitaka kujua utawala umekwisha, usitazame vifaru vyake, sikiliza kama watu wanaucheka.

Tarehe 18 Machi 1990 wakapiga kura ya kweli, ya bunge. SED, kwa jina lake jipya, ikapata asilimia 16.4. Ni kweli, zile 98.85 zilikuwa za orodha ya vyama vyote vitano, na uchaguzi ule ulikuwa wa mitaa. Lakini toa hicho na kile, bado utajiuliza: wale wengine walikuwa wapi siku zote? Walikuwapo palepale. Hawakuhesabiwa.

Mwaka 1993 mahakama ya Dresden ikamtia hatiani Hans Modrow, aliyekuwa mkuu wa chama wa huko, kwa udanganyifu wa kura za 1989. Nchi ilikuwa imeshakufa, lakini makaratasi yalikuwa hai.

WALIOPOTEZA NCHI

Nilipofika hapo, kijana mmoja aliyeketi kwenye mzizi wa mwembe akanyoosha mkono. Akaniuliza: "Kaka, kwa hiyo unaiombea nchi yetu nayo iende makumbusho?"

Swali zuri, nami nalijibu hapa kwa herufi. Hapana! Siombi hivyo hata kidogo.

Wale vijana wa penseli, wengi wao hawakutaka DDR ife. Walitaka itengenezwe. Walitaka nyumba za bei nafuu zibaki, Stasi iondoke. Lakini uongo ulikuwa umeila nyumba kama mchwa, na walipogusa ukuta, dari ikaja nayo. Baada ya kuungana mwaka 1990, viwanda vingi vya mashariki vilifungwa au kuuzwa, na watu kwa mamilioni wakapoteza kazi walizozizoea. Yule mama mwenye kikombe alipata uhuru, lakini ujana wake uko ndani ya kabati la maonyesho, nao watalii wanaupiga picha.

Kwa hiyo anayeiba kura haibii chama cha upinzani tu. Anaiziba nchi masikio. Wale waliokataa mwezi Mei 1989 walikuwa dalili za homa. Daktari mwenye akili akiona homa anatafuta dawa. Wao walivunja kipimajoto.

Linganisha na jambo moja la kwetu, nalo nalisema kwa haki. Februari 1990 Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alisema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si dhambi, na kwamba yapo ya kujifunza kutoka Ulaya Mashariki. Mwaka 1991 ikaundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali. Ikazunguka, ikauliza. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 ndio waliotaka vingi. Lakini Tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikapita mwaka 1992.

Unaona tofauti? Kule walikuwapo wengi waliokataa, wakafutwa kwa kalamu. Hapa walikuwapo wachache waliokataa, wakaandikwa, wakasikilizwa. Gazeti hili unalolishika ni mtoto wa ile asilimia 20. Nchi inayowasikiliza ishirini wake hujiongezea umri. Nchi inayosema wote ni tisini na nane ianze kutafuta jengo la makumbusho.

DHAMBI YANGU

Sasa nimalize kwa kuungama. Nimewasema Wajerumani, nijiseme na mimi.

Katika uchaguzi mmoja wa mtaa niliwahi kuwa wakala wa chama. Nilifika kituoni alfajiri. Mchana njaa ikanishika. Jioni, sanduku lilipokuwa likifunguliwa, nikajiambia hawa wataandika watakavyo, nibaki nifanye nini? Nikaondoka. Sikuona hesabu, sikusaini fomu, sikudai nakala. Kesho yake mgombea wetu akaja nyumbani na tarakimu zilizobandikwa. Akaniuliza: "Wewe ulihesabu ngapi?" Nilitazama chini. Mpaka leo sijui kama tuliibiwa au tulishindwa, na asiyejua kati ya hayo mawili hana la kudai popote.

Vijana wa Weißensee walikuwa na mashushushu mgongoni, walikuwa na ukuta mbele yao, nao walibaki mpaka kura ya mwisho. Mimi nilishindwa na njaa.

Ndiyo maana nasema: kila kituo kiwe na watu wawili wa kupokezana, kila mmoja na penseli, daftari, tochi na chakula chake. Isome sheria wewe mwenyewe, usisubiri usimuliwe. Andika idadi ya waliokubali, waliokataa na zilizoharibika. Ukifukuzwa, andika saa uliyofukuzwa na jinsi ilivyokuwa. Usipigane. Daftari lililojaa ni zito kuliko ngumi.

Na tuanzie nyumbani kwetu. Vile vyama vinne vya DDR vilianza kufa pale vilipozoea kupiga makofi. Chama cha upinzani ambacho mwenyekiti wake hapingwi, kura zake za ndani zikatoka zote za ndiyo, nacho kinakunja karatasi. Nasema hivi nikijua wazee wa chama watalisoma gazeti hili. Walisome. Tukiogopa kuhesabiana sisi wenyewe chini ya mwembe, tutawadai nini waliokaa ikulu?

Pale mlangoni pa makumbusho kuna duka. Wanauza vigari vidogo vya Trabant na vibandiko vyenye nembo ya taifa lililokufa. Watoto wa shule walikuwa wakichagua zawadi, wakicheka. Hawakumjua Krenz, hawakumjua Mielke, wala hawakuwa na haja.

Nilinunua kadi moja ya posta, nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu. Nyuma yake nimeandika tarakimu moja: 98.85. Uchaguzi ujao, njaa ikinishika kituoni, nitaikumbuka.